UZI: Msisubiri tarehe ya Marekani, dawa nyingi za sukari hataza zake hazitugusi

Kaunta_Chake
Assalaam alaykum wanajamvi.

Mimi nauza dawa hapa Chake Chake. Swali ninaloulizwa kila siku na wenye sukari ni hili: "Lini itatoka ya bei nafuu?" Mtu ana boksi la Januvia au Jardiance mkononi, kijana wake amemsomea mtandaoni kwamba hataza (haki ya kampuni kuwa peke yake kutengeneza na kuuza dawa) itakwisha mwaka fulani, basi yeye anakaa kusubiri kama anayengoja mwezi uandame. Kwenda kituoni kuuliza haendi, na duka jengine haulizi. Naandika kwa sababu inaniuma. Wengi wanasubiri tarehe isiyowahusu, na wengine wanasubiri dawa iliyokwisha kutengenezwa zamani.

Kwanza hataza yenyewe. Kwa mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, hataza inadumu miaka 20 kuanzia siku ilipoombwa. Siku hiyo huwa mapema sana, dawa bado iko maabara. Sitagliptini, ambayo ndiyo dawa iliyomo ndani ya Januvia, iliombewa hataza 2002 na ikaidhinishwa Marekani Oktoba 2006. Empagliflozini ya Jardiance iliombewa 2005, ikaidhinishwa Marekani 2014. Miaka ya katikati inaliwa na majaribio. Ile 20 ikitimia, kiwanda chochote chenye uwezo kinaweza kutengeneza dawa ile ile na kuiuza kwa bei yake. Hiyo ndiyo jenariki.

Lakini hataza inatolewa nchi kwa nchi, na dawa moja inaweza kuwa na hataza kadhaa: moja ya molekuli, nyengine ya chumvi iliyotumika kuigandisha, nyengine ya kalamu ya kuchomea. Chukueni Januvia hiyo hiyo. India, hataza ya molekuli ilimalizika Julai 2022 na viwanda vikaingia kwa wingi. Marekani, Merck, kampuni yenye Januvia, walikuwa bado wameshika hataza ya chumvi, mahakama ikasimama nao, wakakubaliana na watengenezaji wengi kwamba jenariki ziingie Mei 2026. Dawa moja, nchi mbili, karibu miaka minne kati yake.

Na sisi? Tanzania imo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, na kundi hilo limeruhusiwa kutolinda hataza za dawa hadi Januari 1, 2033. Mambo ya hataza hayamo kwenye orodha ya Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Mali ya Viwanda ya 2008, na sheria hiyo iliziacha dawa nje ya hataza kwa muda wote wa ruhusa hiyo. Maana yake, kwa upande wa hataza, hakuna anayekatazwa kuleta sitagliptini ya India Pemba leo. Kinachotakiwa ni dawa isajiliwe na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA), apatikane muagizaji, na daktari aandike jina la dawa badala ya jina la kampuni.

Hilo la mwisho ndilo linalonikera hasa. Cheti kikija kimeandikwa "Januvia", muuzaji mwengine anasema haipo, na mgonjwa anaondoka, kumbe sitagliptini iko rafu ya nyuma yake.

BintKojani
Wa alaykum salaam kaka. Umenigusa. Mama yangu aliandikiwa Januvia 100 alipopelekwa Dar. Sisi watoto tunachanga kila mwezi, na mwezi mchango ukichelewa yeye anakata kidonge nusu ili boksi lisogee. Hatwambii, mimi nimezikuta nusu nusu kwenye kikopo cha dawa. Hiyo jenariki naweza kumnunulia tu mwenyewe au lazima nirudi kwa daktari?

Kaunta_Chake
Dada yangu, pole sana, na nakushukuru umelitaja la kukata maana wanalifanya wengi na hawasemi.

Kwa sitagliptini, nusu ya 100 ni 50, na 50 ndiyo dozi wanayopewa watu ambao figo zao zimepungua nguvu. Kama figo za mama ni nzima, basi siku hizo anakula dozi isiyomtosha. Na kama figo zake zimeshuka, pengine 100 ndiyo iliyokuwa nyingi tangu mwanzo. Hatujui mpaka apimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo. Kwa hiyo ndiyo, mrudishe kwa daktari, na uende na maswali mawili. Moja: figo zake zinasemaje, na dozi yake iwe ngapi? Pili: anaweza kumuandikia "sitagliptini" kwa jina hilo? Akikubali, hamna tena haja ya kufukuzia boksi la Januvia.

Kuna na la tatu, ulisukume kidogo kwa adabu. Sitagliptini ni dawa nzuri, haishushi sukari ghafla, lakini nguvu yake ni ya wastani. Muulize kama kwa mama kuna dawa ya zamani zaidi itakayofanya kazi hiyo hiyo. Gliklazidi, kwa mfano, ni rahisi sana na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Daktari anaweza kusema hapana kwa sababu zake, na hapo utakuwa umejua kwamba hizo pesa mnazochanga zina kazi.

Msafiri_Maskati
Mimi niko Maskati, nyumbani ni Wete. Baba namtumia Galvus Met 50/1000 kila anapotokea mtu wa kuja. Shida ni kwamba watu hawaji kila mwezi, mara nyengine anakaa wiki mbili hana. Nimetafuta sana tarehe ya jenariki ya Galvus Marekani, siioni mahali popote. Kwani hataza yake ni ya milele?

Kaunta_Chake
Huioni kwa sababu Galvus haijawahi kuidhinishwa Marekani. Kampuni yake, Novartis, wanaiuza Ulaya, Ghuba na kwengine. Sasa angalia jinsi tarehe za watu zinavyotupoteza: ungesubiri Marekani, ungesubiri kitu kisichokuja.

Ndani ya Galvus kuna vildagliptini, na ndani ya Galvus Met kuna vildagliptini na metformini. Hataza ya vildagliptini India ilikwisha Desemba 2019, na zikatoka jenariki nyingi sana na bei ikaporomoka. Mwambie baba aende na boksi tupu kwenye duka lenye mfamasia, aonyeshe maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa, na atafute yenye vildagliptini 50 na metformini 1000. Kama hawana mchanganyiko, vidonge viwili mbali mbali ni sawa sawa, daktari amuandikie tu. Ile wiki mbili ya kukaa bila dawa ndiyo inayomla baba, ndugu yangu. Jenariki inayopatikana Wete kila siku inamfaa kuliko Galvus inayokuja na begi la msafiri.

Ami_Jangombe
Kaunta, mwanangu, unazisifu sana hizo za India. Mimi natumia metformini miaka mingi. Nilibadilishiwa ile ya kunywa mara moja kwa siku, na wallahi nimekiona kidonge kimetoka kizima chooni. Nimekiona kwa macho yangu. Sasa nini kilichoingia mwilini? Hizi ni za kubabaishia watu maskini.

Kaunta_Chake
Shikamoo Ami. Nakuamini ulichokiona, na hapa kaunta nimeletewa habari hiyo na wengi.

Ile ya mara moja kwa siku imetengenezwa iachie dawa polepole. Kidonge kikipata maji tumboni kinavimba kuwa kama jeli, metformini inachujuka kidogo kidogo kwa saa nyingi, na mwisho linabaki ganda laini lisilo dawa. Hilo ganda ndilo linalotoka. Hata ile ya asili, Glucophage XR, maelezo yake yamesema wazi kwamba mabaki laini yanaweza kuonekana kwenye choo. Ukilibonyeza kwa kijiti utaona linabonyea. Kidonge kigumu kavu kama kilivyokuwa kwenye karatasi yake kingekuwa habari nyengine, na hicho ningekuomba ukirudishe dukani.

Na Ami, metformini unayokunywa tangu mwanzo ni jenariki. Ilianza kutumika Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1950. Marekani waliichelewesha mpaka Desemba 1994, na jenariki zao zikatoka 2002. Kidonge anachopewa mtu kituoni kwake Pemba au Unguja ni jenariki. Kama sukari yako imekaa vizuri miaka hiyo yote, aliyeiweka ni huyo huyo unayemtilia shaka.

Jinsi jenariki zinavyopimwa: watu wenye afya zao wanapewa ya asili, na siku nyengine wanapewa jenariki, damu inachukuliwa tena na tena, inaangaliwa dawa kiasi gani imefika na kwa kasi gani. Makadirio, pamoja na mipaka ya shaka yake, lazima yakae kati ya asilimia 80 na 125 ya ile ya asili. Watu wanasikia 80 wakadhani wamepunjwa asilimia 20. Haiko hivyo, kwa sababu mipaka yote lazima iingie humo, na wastani unasogea karibu sana na 100. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilikusanya majaribio 2,070 ya namna hii, ikachapisha 2009: tofauti ya wastani katika dawa iliyofika kwenye damu ilikuwa chini ya asilimia 4.

Nesi_Wete
Naomba niingie hapa, maana Kaunta anasema kweli lakini kuna upande sisi wa wodini tunauona.

Si kila boksi ni zima. Mwaka 2020 Marekani kwenyewe kampuni kadhaa zilirudisha metformini ya kuachia polepole kwa sababu ilikutwa na uchafu wa NDMA, kemikali inayohofiwa kuleta saratani, kupita kiwango. Ndiyo maana tunasisitiza dawa iliyosajiliwa, kutoka duka lenye kibali, na boksi lenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Dawa iliyopita kwa mkono bila boksi, vidonge vimefungwa kwenye karatasi, mimi siitaki hata kama inatoka Ulaya.

Lakini linalotuletea wagonjwa zaidi ni boksi kubadilika sura. Mzee mmoja aliletwa alfajiri, jasho linamtiririka, maneno hayaeleweki, sukari iko chini kabisa. Mkewe alikuja na dawa zote amezifunga kwenye kitambaa. Kukifungua: boksi la Daonil, na boksi jengine lina jina ambalo mimi mwenyewe nililisoma mara mbili. Zote mbili ndani ni glibenklamidi. Alipewa la pili la kwanza lilipoadimika, halafu la kwanza likapatikana tena, akawa anakunywa yote mawili asubuhi na jioni, akiamini ni dawa mbili. Alhamdulillahi alipona.

Kwa hiyo jenariki zije, tunazitaka sana. Lakini anayempa mgonjwa boksi jipya amwambie kwa mdomo: hii ni ile ile, ya zamani iache. Na kwa wazee waliopita miaka 60, orodha ya Shirika la Afya Duniani inasema glibenklamidi haiwafai, gliklazidi ndiyo bora. Bado tunawaona wengi nayo.

Kaunta_Chake
Ahsante sana Bi Nesi. Wauzaji wenzangu mnaosoma, hili liandikeni kwenye boksi kwa kalamu. Mimi naandika jina la dawa kwa herufi kubwa juu ya jina la kampuni, na mgonjwa anatoka na jina moja kichwani hata boksi likibadilika rangi.

Mtoto_wa_Michenzani
Kuna dada hapa mjini anauza Ozempic kwa WhatsApp, anasema ni jenariki ya India, bei nusu. Mama mdogo ana sukari na uzito, anataka kununua. Vipi hapo?

Kaunta_Chake
Asinunue. Nakuomba umwambie leo.

Dawa yenyewe ni semaglutidi ya Novo Nordisk, iliidhinishwa Marekani Desemba 2017. Hataza yake ya msingi India na China mwisho wake ni Machi 2026, na Marekani inakwenda mpaka 2032. Kwa hiyo jenariki za kweli za India zimo njiani kuenea, na mimi nazingojea kwa hamu, kwa sababu Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliiingiza semaglutidi kwenye orodha ya dawa muhimu kwa wenye sukari ambao wana pia ugonjwa wa moyo au figo na unene. Itawafaa watu wetu wengi.

Lakini hii ni sindano inayotaka kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 kabla ya kuanza kutumika. Huyo dada kaiweka wapi? Imevuka na boti gani, juani au ndani? Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya Ozempic feki zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama Uingereza zimepenya, kwenye simu ya Michenzani zitashindwaje? Ndani ya kalamu feki huweza kuwa na insulini, na mtu akijichoma insulini bila kujua anaweza asiamke.

Nesi_Wete
Na insulini yenyewe, kwa wanaouliza kwa nini haina jenariki: ni protini, inatengenezwa na vijidudu hai, huwezi kuinakili kama kidonge. Nakala zake zinaitwa bayosimila, na zinataka ushahidi mwingi zaidi. Banting na wenzake, wale waliogundua insulini, waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto hataza yao 1923 kwa dola moja kila mmoja ili isiwe ghali. Kila ninapomuona mama anahesabu sindano zilizobaki nawakumbuka wale watu.

Kwa wenye wasiwasi wa nguruwe: insulini ya binadamu ya siku hizi inatokana na bakteria, tangu 1982, au hamira. Msiache sindano kwa hilo.

Mtu_wa_Ole
Ramadhani je? Mzee wangu kaandikiwa ile mpya ya kukojoza sukari, dapagliflozini. Nayo ina jenariki?

Kaunta_Chake
Ndiyo, na ni katika zile ninazozipenda zaidi. Ya asili ni Forxiga. Hataza ya kwanza ya India ilikwisha Oktoba 2020, kwa hiyo jenariki zake zina miaka sasa. Inalinda figo na moyo mbali ya kushusha sukari, na kwa ajili hiyo kundi lake liliingia orodha ya dawa muhimu 2021. Jardiance ni ndugu yake, India ikafunguka Machi 2025.

Kuhusu funga: inatoa maji mwilini, kwa hiyo asianzishiwe Ramadhani ikiwa imeshaingia. Kama ameshaizoea, mara nyingi inahamishiwa futari, na anywe maji ya kutosha mpaka daku. Akitapika au akiharisha aisimamishe na amuone daktari. Aende kwa daktari mapema, mwezi wa Shaabani, asingoje usiku wa mwandamo.

Ami_Jangombe
Nimefahamu. Sasa nijibu moja la mwisho. Unasema hakuna hataza inayotuzuia, zimetengenezwa, ni nafuu. Mbona nikizunguka Darajani nakuta maduka mawili matatu tu ndiyo wanayo, na Pemba mnalia hamna?

Kaunta_Chake
Kwa sababu sisi ni wachache, Ami, na muagizaji anaangalia hesabu. Kusajili dawa ni ada na makaratasi, na bidhaa ikiwa inauliziwa na watu wawili kwa mwezi hataihangaikia. Muuzaji wa jumla naye analeta kilichoagizwa. Mimi mwenyewe sikuwa na dapagliflozini mpaka daktari mmoja alipoanza kuiandika kwa jina lake, watu wakaja kuiuliza, nikaiagiza na mzigo unaofuata ukaja nayo. Tangu hapo haijakatika rafuni kwangu.

Kwa hiyo kila mmoja aulize, kwa jina la dawa. Hata kama unajua haipo, uliza na mwambie muuzaji aandike kwenye daftari lake la maagizo. Ukiwa na kadi ya bima ya Mfuko wa Huduma za Afya (ZHSF), uliza kama dawa hiyo imo kwenye orodha yao, na kama haimo mwambie daktari wako, maana madaktari wana njia ya kulisema kuliko mimi na wewe.

Msafiri_Maskati
Baba kapata Wete! Boksi la kijani, vildagliptini na metformini 50/1000. Nimempigia simu ya video, nimelisoma mwenyewe maandishi madogo. Namba ya toleo ipo, tarehe ipo. Nimemwambia la Galvus lililobaki alimalize kwanza, asichanganye. Sawa hivyo?

Nesi_Wete
Sawa kabisa. Amalize moja ndipo aanze jengine, na apime sukari asubuhi kabla ya kula kwa wiki mbili za mwanzo, aandike. Miezi mitatu baadaye apime ile ya wastani wa sukari wa miezi hiyo, HbA1c. Akiwa na namba hizo mkononi, hakuna mtu atakayemtisha kwamba kanywa dawa ya uongo.

BintKojani
Nina miadi na mama Jumatatu Mkoani, hospitali ya Abdalla Mzee. Kaka Kaunta, niandikie tafadhali maneno yale ya kumwambia daktari, nisije nikasahau nikifika mbele yake.

Kaunta_Chake
"Daktari, mama anatumia Januvia 100 na si rahisi kwetu kuipata kila mwezi. Tunaomba apimwe figo, utwambie dozi yake, na kama inafaa umuandikie sitagliptini kwa jina la dawa." Nenda na boksi, na zile nusu ulizozikuta kwenye kikopo zichukue pia, azione.